Uraka wa Bwana Hainzi

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya mabibo, Veronika mwanangu. Kila msimu wa korosho ukianza, upepo ukileta harufu ile hapa Chuno kutoka mashambani, namwona mama yangu amesimama kwenye mlango wa jiko la watu, kanga ameifunga kiunoni, anafikiri atoke au asitoke. Kufikiri kwenyewe hakukuchukua muda, lakini mimi picha ile nimeibeba mpaka nimezeeka. Leo nataka nikupe na wewe ubebe kidogo, maana nimechoka.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Kijana wa jirani ndiye aliyenifungulia, nikamwambia arudie, akarudia, mpaka akasema, "Bibi, chaji itaisha." Unasema huko mjini unakosomea unesi kuna sikukuu yao ya bia ya kila mwaka, mji mzima unaacha kazi, wanapanga meza ndefu, wanapiga tarumbeta, na wenzako wa wodini wamekualika ukae nao mezani. Na wewe umewaambia unaumwa. Ebo! Unaumwa nini? Unaumwa aibu. Umesema mwenyewe kwamba unaogopa kukosea wakakucheka. Halafu ukaongeza kwamba walikuuliza kwenu mnasherehekeaje, ukawajibu kwetu hakuna kitu kama hicho. Hapo ndipo niliposimama, na kusimama kwangu siku hizi si kazi ndogo, magoti haya unayajua.

Kwetu hakuna? We mtoto! Hebu nisikilize. Sikukuu hiyo ya Wajerumani nimeila mimi mwenyewe, hapa jirani Likombe, na pombe yake aliikamua mama yangu kwa mikono yake, huyo huyo mama aliyemzaa babu yako Anjelo. Sijui kama ni mji huo uliko wewe au mwingine. Ujerumani ni kubwa, na wakati huo hakuna aliyenionyesha ramani.

Mimi nilikuwa msichana wa kuchumbiwa, na kaka yangu Anjelo alikuwa ameshaanza kazi. Likombe ya wakati ule ilikuwa mikorosho na vichaka, nyumba moja huku, nyingine kule. Palikuwa na karakana ya kufundishia vijana useremala, na mkuu wa mafundi alikuwa Mjerumani mmoja mrefu, masikio mekundu, jina lake Hainzi. Sisi tulimwita Bwana Hainzi. Alikuwa mkali wa kazi, ubao ukipinda kidogo tu anakurudishia, lakini moyo wake ulikuwa mzuri. Kiswahili chake, Mungu amsamehe, kilikuwa cha kuokoteza. Ndiyo maana alimpenda Anjelo. Kaka yangu alikuwa mwepesi wa kuelewa anachotaka kusema, akawa mdomo wake. Bwana Hainzi akisema neno, Anjelo anageuka anatuambia.

Na usidhani ilikuwa kazi ya mchezo. Baba yetu alikuwa amefariki. Sisi ni watu tuliovuka Ruvuma wakati wa vita ya Msumbiji, tukaja na vyungu na mikeka, ardhi hatuna, ndugu wachache. Mshahara wa Anjelo ulinunua unga. Vingine vyote, chumvi, mafuta ya taa, nguo ya Krismasi, daftari zangu nilipokuwa nasoma, vilitoka kwenye uraka wa mama.

Wewe uraka umeuona ukiwa mdogo, lakini najua uliukimbia kwa sababu unachafua nguo. Asubuhi unaokota mabibo yaliyodondoka, unanyonyoa korosho unaweka kando, bibo lenyewe unalitwanga, unalikamua, unachuja maji yake, unaacha kwenye chungu yachachuke. Kesho yake ni pombe. Keshokutwa umechelewa, imekuwa kali ya kuchoma koo. Kwa hiyo mtu anayeuza uraka lazima aaminiwe leo, hana kesho ya kujieleza. Mama alikuwa na kanga moja ya kukamulia, imejaa madoa ya bibo, yale yasiyotoka hata ukisugua mpaka kidole kichubuke.

Sasa shika jambo hili, ndilo kiini cha maneno yangu. Kwetu mwenye pombe hunywa kwanza. Unachota, unakunywa mwenyewe mbele ya wateja, wanakuona unameza, ndipo unawapa. Si ulafi huo. Ni kusema: mimi niliyeitengeneza nimeiingiza tumboni mwangu, kama kuna kibaya kimenipata mimi kwanza. Mama alifanya hivyo kila siku ya msimu, tena kwa heshima, amepiga goti. Na sifa yake ilikuwa hiyo. Watu walitoka mpaka upande wa Mnazi Bay, wavuvi na wachimba chumvi, wakisema uraka wa Mama Anjelo unakunywa na kulala usingizi.

Palikuwa na mama mwingine jirani yetu, Mama Tereza. Mwaka mmoja alikuwa na homa, akawapa wateja bila kuonja, akaona wataelewa. Hakuna aliyeumwa! Hakuna hata aliyekohoa. Lakini maneno yakaanza: mbona hakunywa? Anajua nini? Msimu haukuisha vyungu vyake vilikuwa vimekauka, na mwisho akafunga mizigo akarudi kwa ndugu zake ng'ambo ya mto. Mama yangu alimsindikiza mpaka njia panda. Tangu hapo hata akiwa na jino linamuuma, lazima aonje.

Basi mwaka huo Bwana Hainzi akapata habari kwamba baba yake amefariki huko kwao. Kufika kumzika hakuwahi. Alikaa ndani, akatoka, akarudi kazini, macho yamevimba. Sisi tulikwenda kumpa pole, tukakaa naye kimya kwenye baraza lake kama tunavyokaa kwenye msiba, naye akatushangaa, lakini akatuletea chai. Baadaye akamwambia Anjelo kwamba sikukuu ya mji wao inakaribia, ile ya bia, na baba yake alikuwa ndiye mwenye kuifungua. Mwaka huu hana baba na hana nauli ya ndege. Anataka aifanye hapahapa, awaalike wanafunzi, wazazi wao na wazee wa Likombe.

Tatizo bia. Ilikuwa miaka ya shida, mwanangu. Sabuni ya kuvizia, sukari ya kuvizia, bia ya chupa ndiyo usiseme. Anjelo akasema, "Mama yangu anatengeneza uraka." Bwana Hainzi akaja nyumbani, akainama mlangoni asigonge kichwa, akaonja, akafumba macho, akasema, "Zuri! Pombe zuri sana!" Mama akacheka mpaka akajifunika uso na kanga. Wakakubaliana.

Mzungu yule akijishughulisha anajishughulisha kweli. Akachonga pipa la mbao pamoja na wanafunzi wake, wakalifunga pete za chuma, akatengeneza na bomba lake la mbao la kupigilia kwa nyundo. Meza ndefu wakazipanga kwenye ua wa karakana, na mabenchi yasiyo na mgongo, na juu yake akatandika mashuka meupe! Mama alipoyaona mashuka yale akaniambia pembeni, "Fausta, huyu mtu anajua bibo kweli?" Vijana wa tarumbeta wa kanisani wakaitwa. Majirani zetu Waislamu nao walialikwa, wakawekewa meza ya madafu, na hao ndio waliofurahi tangu mwanzo, kama utakavyoona.

Asubuhi ya siku yenyewe, tukiwa kwenye jiko la karakana tunahamisha uraka kutoka vyungu vyetu kwenda kwenye pipa, Anjelo akamvuta mama kando. Alikuwa amevaa shati jeupe na viatu vya kuazima. Akamwambia, "Mama, leo nakuomba ukae huku jikoni. Kwao mwenye karamu hanywi kabla ya wageni. Anahakikisha kila mtu amepata, yeye anakunywa wa mwisho. Ukitokea pale ukanywa wa kwanza, Bwana Hainzi atatuonaje? Ataona hatuna adabu."

Mama alimtazama. Mimi nilidhani atambishia. Akasema tu, "Haya, baba. Karamu ni yenu," akarudi kwenye vyungu vyake. Anjelo hakuwa mtoto mbaya, nakuapia. Alitaka tajiri wake aheshimike, na mama yake aheshimike, na yeye mwenyewe aonekane amekwenda shule kidogo. Angekuwa mtu mbaya nisingekuwa na habari ya kukusimulia.

Watu wakaja baada ya misa. Tarumbeta zikalia. Bwana Hainzi akasimama mbele ya pipa, amefunga aproni, akatoa hotuba ambayo hakuna aliyeielewa mpaka Anjelo alipoitafsiri, kwamba anatushukuru, kwamba tumekuwa ndugu zake. Akapiga bomba kwa nyundo ya mbao, uraka ukaruka ukamlowesha kifuani, watu wakapiga makofi na vigelegele. Akajaza kikombe cha kwanza mwenyewe. Vilikuwa vikombe vikubwa vya bati. Akakibeba kwa mikono miwili, akampelekea Mzee Chilumba, aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, tena mtu wa maneno machache. Mimi na wasichana wenzangu tukawagawia wengine.

Wakapokea. Wakasema asante. Wakaweka mezani.

Mwanzoni sikutambua. Nilikuwa nahangaika na sinia. Mara nikaona ninazunguka na jagi la kuongezea, na hakuna wa kumwongezea. Wazee wamekaa wima, mikono wameizungushia vikombe, wanazungumza habari za mvua. Mmoja anainua kikombe, anakigusisha mdomoni, anakirudisha. Mwingine anafukuza inzi. Macho yao yanakwenda mlangoni kwa jiko, yanarudi. Hakuna aliyeuliza kitu, maana utamuulizaje mtu mbele ya msiba wake kama pombe yake ina sumu? Kule meza ya madafu ndugu zetu wanakunywa na kucheka, wanashangaa Wakristo wamepatwa na nini.

Bwana Hainzi akaanza kupita meza kwa meza. "Kunyweni! Kunyweni!" anasema, anatabasamu, anamgusa huyu bega, anamgusa yule. Wanamjibu kwa adabu, "Tunakunywa, Bwana." Hawanywi. Nikaliona tabasamu lake linavyopungua. Masikio yale yakazidi wekundu. Alirudi akasimama karibu na pipa, mikono inaning'inia, na kwa kweli nilimwonea huruma mpaka nikataka kulia. Mtu amemfanyia baba yake matanga kwa namna ya kwao, na wageni wote wamekataa kunywa.

Nikakimbilia jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya vyungu vitupu. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Mbona pombe yangu haina kelele?"

Nikamwambia hawanywi.

"Mzee Chilumba je?"

"Amekishika tu, mama."

Nilijua anamfikiria nani. Alikuwa anamfikiria Mama Tereza, na mimi nilikuwa namfikiria yeye huyohuyo. Watu wote wa Likombe wako pale nje, na kila mmoja ana kikombe kilichojaa mbele yake, na kesho kila mmoja atakwenda kwake na swali lilelile: mbona Mama Anjelo hakunywa? Tungeishi kwa nini? Akasema, kama anajisemesha mwenyewe, "Nikitoka, tajiri wa mwanangu atamwona mwanangu mshenzi. Pengine amfukuze. Nisipotoka, jina langu linakufa leo hii, nikiwa nimekaa."

Akasimama. Akaifunga kanga kiunoni, kanga ileile ya madoa, maana nyingine hakuja nayo. Akafika mlangoni, akasimama pale. Ndipo hapo ninapomwona mpaka leo. Anjelo alimwona kutoka upande wa pili wa ua, akamtikisia kichwa: hapana, mama, hapana. Mama alimwona. Akatoka.

Akapita katikati ya meza, tarumbeta zikaacha kulia. Akafika kwa Mzee Chilumba, akapiga goti, akakichukua kikombe mikononi mwa mzee, akakiinua, akanywa. Si kuonja! Alikunywa mpaka kikombe kikainama. Akafuta ukingo wake kwa kiganja, akakirudisha kwa mikono miwili, akasema, "Mzee, pombe hii ni yangu mimi. Nimeikamua mimi na binti yangu. Karibu."

Mzee Chilumba akasema, "Tulikuwa tunakungoja wewe, mama. Tumekauka." Akanywa.

Weee! Ungesikia! Vikombe vikainuliwa meza nzima, vicheko, vigelegele, "Fausta, jagi liko wapi?", "Binti, huku hujafika!", mashuka meupe yakaanza kupata madoa yake. Nilikimbia nikakimbia. Moyo wangu ulikuwa mwepesi, nikajua kesho tutauza.

Lakini mwangalie Bwana Hainzi. Yeye ameona nini? Ameona kikombe cha mgeni wa heshima, alichokijaza kwa mkono wake, mwanamke ametoka jikoni amekipokonya akanywa. Kwao huwezi kufanya jambo baya kuliko hilo. Alimgeukia Anjelo akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama yako ana kiu?" Na Anjelo, mdomo wa karakana nzima, akajitia kupanga vikombe. Jasho linamtiririka ndani ya shati jeupe.

Mama akamwita. Walisimama karibu na jiko, mimi nikiwa nachota maji ya kuoshea vikombe, nikasikia yote. Hakumpigia kelele. Mama yangu akikasirika sauti inashuka.

"Anjelo," akasema, "kuniweka jikoni hakukuniuma. Jiko ni langu. Lakini uliniambia kwao mwenye karamu hunywa wa mwisho. Vizuri, nimejua. Je, yeye ulimwambia kwetu mwenye pombe hunywa wa kwanza?"

Kaka yangu akatazama viatu vyake vya kuazima.

"Hukumwambia. Umekaa naye miaka yote hii, maneno yake unatuletea kila siku, yetu humpelekei hata moja. Ukawaona wetu ni wa kuficha. Sasa tazama, mimi jina langu lilitaka kufa, na yeye ameaibika mbele ya wageni wake, na sisi wote wawili hatuna kosa. Nenda kamwambie kwa nini nimekunywa. Halafu unirudishie na yeye kwa nini wa kwao anakunywa mwisho, maana hilo nalo hukunieleza, uliniamrisha tu."

Anjelo akaenda. Niliwaona wamesimama kwenye kona ya karakana, Anjelo anaonyesha kwa mikono, anajigusa tumbo, anaonyesha vikombe. Bwana Hainzi akasikiliza, akakunja uso, akauliza kitu, akasikiliza tena. Halafu akakaa kwenye gogo, akashika kichwa, nikadhani mambo yameharibika. Kumbe anacheka. Anacheka na machozi yanamtoka. Akazungumza kirefu, na Anjelo aliporudi kwa mama macho yake nayo yalikuwa mekundu.

Akasema: kwao baba yake Bwana Hainzi alikuwa anafungua pipa kila mwaka, halafu anasimama kando. Hanywi. Anatazama mpaka wote wamepata, wakubwa kwa wadogo, hata mpita njia. Mwisho kabisa, watu wanasimama wima, wanamjazia yeye, anakunywa peke yake, wote wanamtazama. Kwamba hakuna aliyeondoka na kiu, hiyo ndiyo maana yake. Na leo Bwana Hainzi alitaka akinywe yeye kikombe hicho, badala ya baba yake.

Mama akageuka akalitazama pipa. Mwanangu, wewe unawajua watu wetu. Pipa lilikuwa limeshainamishwa, vijana wawili wanalishikilia, uraka unatoka kidogo kidogo. Mama akasema, "Yesu na Maria! Wataumaliza!" Akanyakua kikombe, akawapita wale vijana kwa kiwiko, akakijaza kilichobaki, akakifunika kwa sahani, akakiweka chini ya kigoda chake. Halafu akakaa juu ya kigoda, mchi mkononi. Fundi mmoja aliyelewa akaja kunusa nusa pale, akaonyeshwa mchi, akaondoka.

Jua likaanza kushuka, watu wakaanza kuaga. Bwana Hainzi alikwenda kwenye pipa na kikombe chake, akafungua bomba, hakikutoka kitu. Akalitikisa. Akatabasamu, akaufungua mkono hivi, kama mtu anayesema basi tena.

Hapo babu yako akapanda juu ya benchi. Anjelo, ambaye asubuhi alikuwa anaionea haya hata kanga ya mama yake. Akapiga makofi, akasema kwa Kiswahili na kwa Kimakonde, watu wote wasikie, "Wazee wangu, msiondoke bado. Leo mmeona ya kwetu, Mama Anjelo amekunywa kwanza. Ya kwao ni hivi." Akawaeleza. Akawaeleza na habari ya yule baba. Waliokuwa wameshafika barabarani wakarudi. Mzee Chilumba akasimama, akajishika meza, na akisimama yeye nani atakaa? Hata ndugu zetu wa meza ya madafu walisimama.

Mama akaja na kikombe, amekishika kwa mikono miwili. Bwana Hainzi alipokiona alifunika mdomo. Mama akampa. Yeye akakipokea, halafu akamrudishia. Akasema kwa Kiswahili chake kile kile, "Hapana. Mama kwanza."

Mama akatazama kikombe, akamtazama yeye. Akapiga goti, akanywa funda moja, akafuta ukingo, akampa. Bwana Hainzi akanywa mpaka mwisho, uso juu, machozi yanaingia masikioni mwake mekundu, na sisi wote tumesimama tunamtazama. Alipomaliza akakigeuza kikombe chini kuonyesha hakuna kitu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nililia. Nalia hata sasa, we nisubiri kidogo nipenge.

Haya.

Aliendelea kuifanya sikukuu ile kila mwaka mpaka aliporudi kwao, na kila mwaka mama alikuwa na kiti chake karibu na pipa, si jikoni. Uraka wake ulitusomesha wote. Na babu yako aliishi kwa kazi ya kuwa katikati ya watu, bandarini, na baadaye na hao waliokuja na mambo ya gesi, na watu walimpenda kwa sababu alipeleka maneno na kuyarudisha.

Sasa nisikilize, Veronika. Nasaha yangu ndiyo hii, na sitaizungusha. Umekwenda kwa watu, jifunze ya kwao, usiyadharau. Uliza maana yake kabla ya kuogopa kukosea. Lakini na ya kwako uyapeleke. Wakikuuliza kwenu mnafanyaje, usiseme hakuna. Ukisema hakuna, umemrudisha mama yangu jikoni ukamfungia mlango. Na wao umewanyima pia, maana hawawezi kukuheshimu kwa kitu usichowaambia. Wewe sasa ndiye uliye katikati. Ukibeba ya upande mmoja tu, pande zote mbili zitaumia, na kila mmoja atadhani mwenzake ni mbaya.

Umesema sikukuu yenyewe bado inaendelea mpaka Jumapili. Vizuri. Nenda kwa wenzako, waambie ukweli kwamba hukuwa unaumwa, ulikuwa unaona haya. Watacheka? Wacheke. Kaa nao mezani. Sikwambii ulewe, ukilewa nitajua, hata sauti kwenye simu itaninukia. Kunywa juisi ukitaka. Lakini wakikuuliza, waeleze habari ya mwanamke mmoja wa Likombe aliyenywa kwanza, na waulize na wao nani anakunywa mwisho, na kwa nini. Nina hamu kujua kama mpaka leo wanasimama.

Mungu akulinde huko kwenye baridi, mwanangu. Akupe watu wa kukungoja ukichelewa, na meza ambayo nafasi yako haikaliwi na mtu mwingine. Mikono yako iwaponye wagonjwa wao kama ni wa kwetu. Na siku ukipata mwenyewe nyumba yako, popote itakapokuwa, mgeni asitoke kwako na kiu wala na wasiwasi. Amina. Sasa namwita huyu kijana aje azime hii simu, mimi sijui wanabonyeza wapi.